Uzi Mwekundu wa Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alizimika katikati ya mzunguko wa barabara, Jumanne saa sita mchana, magari yakiwa yamemzunguka pande zote. Hakukohoa wala kutetemeka. Alikata pumzi tu, kama mtu aliyekatizwa maneno akanyamaza kwa hasira.

"Bi Mkubwa, nakuomba," mke wa Fundi alisema huku akizungusha ufunguo. "Popote, lakini si hapa."

Bi Mkubwa lilikuwa gari. Jina hilo ni mke huyo aliyelipachika mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa kuwa alipoolewa alilikuta. Alikuwa akiwaambia mashoga zake, "Mimi nimeingia ukewenza na mwenzangu ana magurudumu manne. Afadhali yeye analala nje." Miaka mingi ilipita, utani ukazoeleka, na gari likazeeka nao chini ya paa moja la mabati uani.

Fundi alikuwa ameketi kiti cha abiria, mkono wake wa kulia umelala mapajani. Hakuwa akitazama chochote. Alikuwa akisikiliza. Ufunguo ulipozungushwa alingoja sauti mbili: kwanza ile *ta* ndogo ya relei, swichi inayoipa pampu umeme, nyuma ya ubao wa plastiki mbele ya magoti yake, kisha mvumo wa pampu ya mafuta chini ya kiti cha nyuma, kama nyuki ndani ya kopo. Mkewe alizungusha mara ya pili, mara ya tatu. Hakukuwa na *ta*. Hakukuwa na nyuki.

Ni relei, alitaka kusema. Relei ya pampu, mke wangu. Imepata joto. Iache ipoe. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga, kila moja na mahali pake. Akafungua mdomo.

"Kesho," alisema.

"Kesho nini, jamani? Tuko barabarani!"

Tangu kiharusi kimpige miezi minne nyuma, neno lililomtoka lilikuwa hilo moja. Akitaka maji, kesho. Akitaka kwenda msalani, kesho. Aliyaelewa yote aliyoambiwa, akavijua vyote alivyotaka kujibu, lakini mlangoni mwa mdomo alisimama *kesho*, akiwazuia wengine wote kutoka.

Wanaume watatu walikuja kusukuma. "Huyo wa kiume si ashuke atupunguzie mzigo?" mmoja alilalamika.

"Anaumwa, kaka yangu," mke alijibu kupitia dirishani. "Nisameheni."

Mwingine aliinama kutazama ndani, akapiga makofi kwa mshangao. "He! Si Waya huyu? Waya, mkali wa umeme! Leo gari lako ndilo linasukumwa? Duniani kuna mambo!" Akacheka kwa sauti. Halafu akauona ule mkono mapajani, na kicheko kikakatika. Fundi angependa kiendelee. Kicheko kilikuwa cha watu wawili wanaofahamiana; ule ukimya ulikuwa wa mtu anayepita msibani.

Walisukumwa hadi kivulini, wakakaa kama nusu saa. Mke alizungusha ufunguo bila matumaini, na injini ikawaka mara moja.

"Umeona?" alisema akijifuta jasho. "Hasira zimemwisha."

*

Jumatano asubuhi alikuja Profesa. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hakuweza kufunga boliti bila kutoa maelezo. Kwa miaka mingi yeye na Fundi waliendesha gereji moja: mmoja injini, mwingine umeme. Mwezi uliopita alikuwa amembadilishia Bi Mkubwa pampu ya mafuta, pampu mpya kabisa, na gari likaendelea kuzimika vilevile.

Uani kulikuwa bado na ubaridi. Akazungusha ufunguo. Injini ikawaka.

"Mzima huyu."

"Asubuhi mzima, mchana maiti," mke wa Fundi alisema. "Akishakaa juani au akitembea robo saa, basi."

Profesa alifungua boneti, akapima hapa na pale, akanusa, akasikiliza. "Pampu inapata umeme. Plagi safi. Mafuta yanafika. Kitaalamu, shemeji, huu ni uzee. Gari la miaka thelathini. Hata binadamu akifika umri fulani, hasemi mgonjwa wapi."

Kutoka kiti cha abiria, walikomweka apunge hewa, Fundi alikuwa akigonga ubao wa mbele ya magoti yake kwa mkono wa kushoto. *Ko. Ko. Ko.* Pima wakati ikiwa na joto, alitaka kusema. Wewe mwenyewe uliwahi kunifundisha hivyo kuhusu injini zako. Ukiipima imepoa itakudanganya.

"Kesho," alisema. "Kesho, kesho!"

"TULIA, WAYA!" Profesa alimpigia kelele sikioni, kama vile kiharusi kilikuwa kimempiga masikio. "TULIA NDUGU YANGU! UTAPONA!" Kisha akamgeukia mke, akashusha sauti hadi kunong'ona, na Fundi akasikia kila neno: "Anateseka kuliona katika hali hii. Bora liondoke."

Mjomba, kaka wa mke wa Fundi, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakuwa mtu mbaya. Kila Jumapili alikuja kumwogesha shemeji yake, akamnyoa ndevu taratibu, akimsimulia habari za mpira. "Nimempata mtu," alisema. "Ananunua magari makuukuu, anakata vipuri. Atakuja keshokutwa, Ijumaa mchana, na gari la kuvuta."

"Na mazoezi?" binti yao aliuliza. Alikuwa akianika nguo. Alikoma na shuka mkononi. "Jumamosi tutampelekaje? Ngazi za basi hawezi. Mara ile alianguka, abiria wakamkanyaga."

"Tutakodi teksi."

"Mara mbili kila wiki, mjomba?"

"Mwalimu wa mazoezi alisema ulimi una msimu wake," mke alisema. "Miezi sita ya mwanzo. Huu ukipita, kazi inakuwa ngumu zaidi. Imebaki miwili."

Mjomba alikizungusha kikombe. "Dada yangu, usinielewe vibaya. Hiyo minne amekwenda, na amepata nini? Neno moja. Tena alitoka nalo hospitali."

Binti alitandaza shuka juu ya kamba, akalinyoosha, akalinyoosha tena. Fundi aliutazama mkono wake wa kushoto. Hakumchukia shemeji yake. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyegeuka kumtazama wakati hayo yakisemwa. Yalisemwa juu yake kama vile yanavyosemwa juu ya kabati.

Mchana huo binti alimletea karatasi na penseli. "Baba, chora. Unagonga pale kila siku, unataka nini? Chora tu."

Herufi zilikuwa zimemtoroka pamoja na maneno. Lakini umbo la relei alilijua kama uso wa mama yake: kijisanduku cheusi, chini kina vimiguu vinne vya shaba vya kuchomekea. Akakishika kipande cha penseli kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, jasho kipajini. Kijisanduku. Mguu. Mguu. Mguu. Mguu.

Familia ikainama juu ya karatasi.

"Ng'ombe?" binti alijaribu.

"Ng'ombe hana kichwa?" mjomba alisema. Kisha akapiga paja. "Meza! Anataka meza yake! Mmekuwa mkimlisha kitandani kama mtoto, mwenzenu anataka kula mezani!"

"Masikini mume wangu," mke alisema, machozi yakimlengalenga. Alikwenda akaondoa vitambaa vya wateja juu ya meza yake ya kukatia nguo, wakaibeba watatu, wakaiweka mbele ya Fundi. Akaitandika kitambaa. Akaweka sahani na bilauri. Walirudi nyuma hatua moja wakimtazama, wamefurahi, wakingoja.

Fundi aliitazama meza. Akawatazama wao. Kisha akaushika mkono wa mkewe, akaubusu, kwa sababu hakukuwa na jambo jingine la kufanya.

*

Kutoka kwenye meza hiyo aliliona gari lake kupitia mlango wazi, na alijua kosa ni la nani.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Relei mpya aliifunga uzi mweupe shingoni kabla ya kuichomeka. Ile aliyoifungua na kuilehemu upya mwenyewe aliifunga uzi mwekundu, ili siku nyingine akifungua akumbuke: hii inafanya kazi, lakini imeungwa tu, usiiamini safari ndefu. Uzi aliuchukua kwenye kikapu cha mkewe, fundi cherehani, bila kuomba. "Mweupe mzima, mwekundu mgonjwa," alikuwa akimwambia kila akilalamikiwa. "Nami si nakurudishia?" Hakurudisha hata mara moja.

Jioni ile ya mwisho ya afya yake, mkunga mmoja alikuja na gari lililokataa kuwaka, na zamu yake ya wodini inaanza baada ya saa moja. Relei yake ilikuwa imeungua. Fundi hakuwa na mpya. Akaingia ndani ya Bi Mkubwa, akachomoa relei yake nzima, akampa mkunga. Mahali pake akachomeka ya zamani aliyokuwa ameiunga, akaifunga uzi mwekundu. Ndivyo mafundi walivyo. Gari la fundi ndilo hupata kilichobaki.

"Na letu je?" mkewe aliuliza kutoka dirishani, mdomo umejaa pini.

"Nitalibadilishia kesho," alisema.

Asubuhi yake alishindwa kuinua kikombe. Labda ndiyo maana neno hilo ndilo lililosalimika. Labda lilikuwa limesimama karibu zaidi na mlango nyumba ilipoungua. Hakuweza kumuuliza mtu yeyote. Alilikosa kila neno jingine kama mtu anavyowakosa ndugu. Usiku na mchana aliyataja kimoyomoyo: bisibisi, fyuzi, mke wangu, mwanangu, habari za asubuhi. Zaidi ya yote alitamani kusema jambo dogo la kijinga, kama zamani, ili mkewe acheke akiwa na pini mdomoni.

*

Alhamisi, cherehani ikinguruma ndani, Fundi aliamka. Akachukua fimbo. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni hatua kumi na moja. Zamani alikuwa akizipiga bila kuzijua. Alipofika aliegemea mlango wa gari akahema, akaufungua, akaketi pembeni ya kiti. Ubao ule ulishikwa na skrubu nne. Kama angeweza kuuvuta tu, kuuvunja hata, mtu angeona.

Akainama. Mkono wa kushoto ulifika. Akavuta. Mwili, ambao sasa ulikuwa na upande mmoja tu wa kumsikiliza, ukamwangusha kichwa mbele, akakwama kati ya kiti na ubao, miguu nje, uso kwenye kapeti iliyonuka petroli.

Binti ndiye aliyepiga yowe. Yeye na mama yake walimtoa, wakivutana na kiatu, na mke alipoona damu kidogo kwenye kipaji chake akapandwa na hasira ya woga.

"Unataka kujiua? Unanitafutia nini mimi? Nakufulia, nakulisha, nashona mpaka macho yanauma, halafu nikigeuka tu unakimbilia kwa Bi Mkubwa wako! Hata sasa? Hata sasa, mume wangu?"

"Kesho," alisema. "Kesho, kesho, kesho." Akagonga ubao. *Ko. Ko.*

"Ndiyo, kesho! Kesho linaondoka!" Akaketi chini hapohapo vumbini, akalia, na Fundi akaweka mkono wake mzima juu ya kilemba chake. Walikaa hivyo. Jirani aliyechungulia ukutani akarudisha kichwa chake.

*

Mnunuzi wa vipuri alifika Ijumaa jua likiwa utosini. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye taulo shingoni. Alilizunguka gari akiligongagonga kama mtu anayechagua tikiti.

"Linawaka?"

Mjomba alizungusha ufunguo. Kimya. Gari lilikuwa limeshinda juani.

"Haina neno," mnunuzi alisema. "Mimi nanunua nyama, sinunui roho. Toeni vitu vyenu nilifunge mnyororo."

Mke wa Fundi aliingia ndani ya gari na mfuko. Alitoa mwavuli, kiatu kimoja cha mtoto cha miaka kumi iliyopita, miwani iliyovunjika mkono. Akafungua kisanduku cha mbele, akatoa karatasi, tochi, na rili ya uzi.

Uzi mwekundu.

"Kumbe ulikuwa huku," alisema. "Na mwanangu nilimgombeza wiki nzima."

Fundi, aliyekuwa kwenye kiti chake kivulini, aliiona. Akainuka bila fimbo. Mjomba alimrukia kumshika, Fundi akamburuta shemeji yake huyo hadi kwenye mlango wa gari. Akainyakua rili. Akauvuta uzi kwa meno, akauzungusha kwenye kidole cha mkewe, mara moja, mara mbili, shingoni mwa kidole, kama kifundo. Kisha akakishika kidole hicho na kukigongesha kwenye ubao. *Ko.*

"Mnaona?" mjomba alisema kwa huzuni. "Amechanganyikiwa. Dada, mwache nimrudishe..."

"Ngoja." Mke alikitazama kidole chake. "Kaka, ngoja kwanza."

Mweupe mzima. Mwekundu mgonjwa. Alimwona tena jioni ile akitoka ndani ya gari, kitu cheusi kiganjani, mkunga akishukuru. Alijisikia mwenyewe akiuliza, na letu je?

"Uliniambia kesho," alisema polepole. "Wewe mume, uliniambia utalibadilishia kesho."

Fundi alifumba macho. Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi.

"Mwanangu, niletee bisibisi! Kopo la zana za baba yako, chini ya kitanda. Lete kopo lote!"

Skrubu nne zilitoka. Nyuma ya ubao zilijipanga relei sita, tano zikiwa na uzi mweupe uliofifia shingoni, kama watoto wa shule foleni. Ya mwisho ilikuwa na uzi mwekundu. Mke aliigusa, akaondoa mkono. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai.

"Mama," mnunuzi alisema, "mimi nimekuja kununua gari, naona mmeniitia darasani."

"Kaa kivulini, kaka yangu, unywe maji. Ukiona tumeshindwa, utalichukua."

Aliichomoa na kuipeleka kwenye cherehani yake. Kava la plastiki alilibandua kwa kifumulio cha kufumulia mishono. Ndani kulikuwa na koili ndogo ya shaba na, chini, vimiguu vinne vilivyoshikwa na matone ya kulehemu. Fundi aliinama karibu hadi pumzi yake ikamgusa shavuni. Akaelekeza kidole. Kuzunguka mguu wa tatu kulikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama unywele. Gari likipoa ufa unabana, umeme unapita. Likipata joto unaachia.

"Hiki tu?" binti alisema. "Hiki ndicho kimetutesa?"

"Na mimi nilisema meza," mjomba alinong'ona. Akaketi juu ya ndoo.

Mkono wa Fundi wa kushoto ulichukua chuma cha kulehemu, ambacho binti alikitoa koponi na kukipasha moto, ukashindwa kukielekeza, ukakirudisha. Akamtazama mkewe.

"Mimi?" mke alisema. "Mimi nashona magauni."

Akaendelea kumtazama.

Relei haikutulia mezani. Ilikuwa ndogo mno. Basi mke akaiweka chini ya mguu wa cherehani, juu ya kipande cha kitambaa, akaushusha mguu ukaibana vizuri kama pindo la sketi. Akachukua chuma kwa mkono mmoja na waya wa kulehemu kwa mwingine. Fundi aliweka kiganja chake juu ya kifundo cha mkono wake. Si kuushika, kuuongoza tu.

"Kesho," alisema, na sauti ilimaanisha bado, iache ipate moto. "Kesho. Kesho..." Tone la zamani likang'aa likalainika. "Kesho!" Mke akagusisha waya. Lehemu ya rangi ya fedha ikatiririka kuzunguka mguu, ikatulia, ufa ukamezwa. Fundi akapuliza moshi usimwingie mkewe machoni.

Walirudi garini, mnunuzi naye akafuata nyuma na bilauri yake. Mke aliichomeka relei na kushika ufunguo. Jua lilikuwa palepale. Kiti kilichoma.

*Ta.*

Halafu, chini ya kiti cha nyuma, nyuki ndani ya kopo.

Injini ikawaka. Binti alipiga kelele, mjomba akazungusha kofia hewani, na mnunuzi akafungua mnyororo wake huku akitikisa kichwa. "Mimi na petroli yangu tumekuja bure," alisema. "Lakini mzee, kama unafundisha hivyo bila kusema, ukianza kusema itakuwaje?" Akamsalimu Fundi kwa mkono wa kushoto, bila kuuliza. Liliachwa gari likinguruma juani robo saa, nusu saa. Halikuzima.

Mke alipokuja kurudisha ubao alitaka kuukata ule uzi mwekundu autupe. Fundi alimzuia. Alimwonyesha kwamba bado: imeungwa tu, haijapona. Wakaukaza pamoja, mke akafunga, na Fundi akaweka kidole juu ya kifundo kisilegee.

Binti alikuja na mfuko, akaanza kurudisha vitu: tochi, mwavuli, kiatu kimoja. "Baba," alisema akipita, kama watu wanavyoongea ndani ya nyumba, bila kungoja jibu, "kumbe mazoezi yako ni lini vile?"

"Kesho," Fundi alisema.

Binti alikuwa amekwisha kugeuka kumuuliza mama yake. Akasimama. Alihesabu siku kwa midomo: Ijumaa, Jumamosi. Akamtazama mama yake, ambaye naye alikuwa ameshika bisibisi hewani.

Fundi mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, akilisikiliza lile neno. Mara hii alikuwa amelitaka hilo, na ndilo lililotoka.